KUFUTA SI KUTEKETEZA

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi kuhusu kumbukumbu zilizomo katika kompyuta na diski za chama



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi neno hilo lilieleweka bila taabu, kwa kuwa daftari lilikuwa kitabu cha karatasi kilichofungiwa kabatini. Karani aliyetaka kuficha jambo ilimbidi achane ukurasa au akwangue maandishi kwa wembe, na alama ya kuchana au kukwangua ilibaki pale pale ikimngoja mkaguzi.

Siku hizi vyama vingi vya msingi vinazo kompyuta. Orodha ya wanachama, uzito wa mazao ya kila mkulima, malipo ya msimu, mikopo ya pembejeo na namba za akaunti za benki vimo ndani ya mashine. Nakala zake zimo katika flashi, au katika zile diski za kurekodia ziitwazo sidii na dividii. Humo hakuna ukurasa wa kuchana. Kuna kitufe cha kufutia, na watu wengi huamini kwamba kikisha kubonyezwa, habari imekwisha.

Imani hiyo si sahihi, na kuisahihisha ndiyo shabaha ya mazungumzo haya. Faili iliyofutwa mara nyingi haijatoweka. Ukweli huo unakihusu chama cha ushirika kwa pande tatu. Kwanza, aliyefuta kwa bahati mbaya asikate tamaa upesi. Pili, aliyefuta kwa hila asidhani amejificha. Tatu, chama kinachouza au kugawa kompyuta yake ya zamani kisidhani kwamba siri za wanachama zimebaki ofisini.

Kinachotokea faili inapofutwa

Diski ya kompyuta yafaa ifananishwe na leja kubwa yenye kurasa zilizopewa namba, na mwanzoni mwake pana faharasa. Faharasa hueleza kwamba hesabu za malipo ya msimu ziko ukurasa wa 40 hadi wa 46. Faili hiyo inapofutwa, kompyuta haiendi ukurasa wa 40 kuondoa maandishi. Hugusa faharasa tu, ikaonyesha kwamba kurasa hizo sasa ni wazi na zaweza kutumiwa kwa kazi nyingine. Maandishi yenyewe hubaki kama yalivyokuwa mpaka kompyuta itakapohitaji nafasi na kuandika jambo jingine juu yake. Siku hiyo yaweza kuwa kesho, na yaweza kuwa baada ya miaka miwili.

Jambo hili laonekana wazi katika mpango wa kuhifadhi faili uitwao FAT, ambao ulitumika tangu zama za diski laini, na ambao aina yake iitwayo FAT32 bado hutumika katika flashi nyingi. Humo, faili inapofutwa, herufi ya kwanza ya jina lake katika orodha huondolewa na mahali pake huwekwa alama maalumu, na nafasi iliyokaliwa na faili huhesabiwa kuwa ni wazi. Programu ya kurejesha faili ikiifungua orodha hiyo, faili iliyokuwa ikiitwa MALIPO yaweza kukutwa bado imo, imepungukiwa herufi moja.

Sababu ya kufanya hivyo ni wepesi wa kazi. Kugusa faharasa huchukua chini ya nukta moja, bali kuandika upya kurasa zote huweza kuchukua saa kadhaa.

Yapo pia mambo mawili yanayochanganya watu. La kwanza ni pipa la taka. Katika Windows, faili iliyofutwa kutoka diski ya ndani kwa kawaida huhamishiwa kwanza katika pipa hilo, na hapo mtu yeyote aweza kuitoa kwa kubonyeza mara moja. Pipa likimwagwa, ndipo faharasa inapoguswa. Faili iliyofutwa kutoka flashi kwa kawaida haipiti pipani. La pili ni kufomati. Kufomati kwa haraka ni kuweka faharasa mpya tupu, na kurasa za zamani hubaki nyuma yake. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, huandika sifuri katika diski nzima. Huko ndiko kufuta kwa kweli kwa diski za kawaida zinazozunguka.

Diski za kurekodia

Makabati ya vyama vingi yana sidii za misimu iliyopita, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nyingine hazina hata jina. Hapana budi katibu azitambue aina zake, kwa maana hazifanani kwa tabia.

Sidii iliyoandikwa CD-R, na dividii iliyoandikwa DVD-R au DVD+R, ni za kurekodi mara moja. Ndani yake mna tabaka la rangi maalumu. Mwanga mkali wa leza huunguza alama ndogo mno katika tabaka hilo, na alama hizo ndizo data. Kilichoungua hakiunguliki. Sidii ya namna hiyo hubeba megabaiti 700 hivi, na dividii ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, nafasi hiyo yatosha kuchukua orodha ya wanachama wa wilaya nzima.

Mtu akifuta faili katika diski ya namna hiyo, kompyuta huongeza faharasa mpya isiyoitaja faili ile. Faharasa ya zamani na faili yenyewe zimo bado, na programu maalumu huzisoma. Uthibitisho ni mwepesi: baada ya kufuta, nafasi iliyo wazi katika diski haiongezeki.

Sidii na dividii zenye herufi RW ni za kurekodi na kufuta. Badala ya rangi zina tabaka la madini mchanganyiko, ambalo leza hulibadilisha hali na kulirudisha tena. CD-RW yaweza kurudiwa mara 1,000 hivi. Lakini hata hizo zina kufuta kwa namna mbili. Kufuta kwa haraka huondoa sehemu ya faharasa tu. Kufuta kikamilifu hupita diski nzima na huchukua muda mrefu zaidi. Makarani wengi huchagua namna ya haraka, kwa kuwa ndiyo kompyuta hutanguliza.

Mifano miwili kutoka nchi za nje

Haya si mambo ya kinadharia. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kazi yao. Walikuwa wamenunua diski 158 za kompyuta zilizokwisha kutumika. Kati ya hizo, 129 zilifanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki, barua za watu, na kumbukumbu za matibabu. Diski moja ilikuwa imetoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha, na miamala ya wateja ilikuwa bado imo. Waliouza diski hizo hawakuwa wezi. Walikuwa watu waliobonyeza kitufe wakaridhika.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwezi Oktoba 2007, ofisi ya mapato ya nchi hiyo ilituma diski mbili kwa ofisi ya taifa ya ukaguzi, kwa njia ya barua za kiofisi. Diski hizo zilikuwa na habari za watu milioni 25 wa familia zilizokuwa zikilipwa posho ya watoto: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na namba za benki. Hazikufika. Wakaguzi walikuwa wameomba sehemu tu ya habari hizo, bila namba za benki, lakini zote zilirekodiwa kwa kuwa kuzichambua kulionekana kuwa ni gharama. Mkuu wa ofisi hiyo alijiuzulu. Fundisho kwa katibu wa chama ni kwamba diski iliyokwisha kurekodiwa na kutoka mkononi haiwezi kuitwa irudi, wala hakuna kitufe cha kuifuta ikiwa njiani. Kwa hiyo, jambo lisilohitajika lisirekodiwe tangu mwanzo.

Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya

Ikitokea faili muhimu imefutwa, kanuni ya kwanza ni kuacha kuitumia mashine au flashi ile papo hapo. Kila barua inayoandikwa, kila picha inayopokelewa, kila programu inayoingizwa huweza kukalia kurasa zile zilizohesabiwa kuwa wazi. Kosa la kawaida ni la karani mwenye hofu ambaye huanza kupakua programu za kurejesha faili na kuziingiza katika diski ile ile; programu hiyo yaweza kukaa juu ya faili inayotafutwa. Itazamwe kwanza katika pipa la taka. Isipokuwemo, mashine izimwe na aitwe fundi anayejua kazi hiyo, naye afanye urejeshaji akiitumia kompyuta nyingine.

Yafaa ijulikane pia kwamba kompyuta nyingi za siku hizi zina diski za aina mpya zisizozunguka, ziitwazo SSD. Katika hizo, faili ikifutwa, kompyuta huijulisha diski kwamba nafasi ile haihitajiki, nayo diski huweza kuisafisha yenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo tumaini la kurejesha ni dogo, na mashine izimwe upesi zaidi. Tumaini la kutegemewa ni nakala iliyotunzwa mahali pengine.

Faili iliyofutwa kwa hila

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mkulima ana stakabadhi ya karatasi yenye kilo 412, bali kompyuta yaonyesha kilo 312. Wanakuja wakulima wengine wenye malalamiko kama hayo. Karani wa mizani anasema katibu ndiye mwenye ufunguo wa ofisi. Katibu anasema faili ya kwanza ilifutwa na kuwekwa nyingine siku ambayo yeye alikuwa safarini. Wanachama wamekasirika, na mkutano unataka katibu afukuzwe siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo Bodi ya chama inapotakiwa kuwa na subira. Mashine ikiendelea kutumika wakati watu wanagombana, ushahidi wa kumtia hatiani mwenye makosa hupotea kidogo kidogo, na ushahidi wa kumwokoa asiye na makosa hupotea pamoja nao. Bodi izime mashine, iifunge kwa lakiri mbele ya mashahidi, iandike tarehe na saa, na majina ya waliokuwapo, kisha iwaarifu Mrajis na vyombo vya dola. Mtaalamu atanakili diski nzima kwanza, na uchunguzi utafanywa katika nakala, siyo katika diski yenyewe. Katika kurasa zilizoitwa wazi huweza kupatikana faili ya kwanza, au vipande vyake, pamoja na saa iliyofutwa faharasani.

Katika mfano huo huo, tuseme katibu alikuwa na desturi ya kurekodi hesabu za kila wiki mbili katika CD-R, akaitia sahihi na kuikabidhi kwa Mwenyekiti. Ule udhaifu wa diski hiyo, yaani kutofutika, sasa unageuka kuwa nguvu. Sidii ya wiki ile ikifunguliwa na kuonyesha kilo 412, katibu amepata shahidi asiyehongeka, na wakulima wamepata msingi wa kudai kilo zao 100 kila mmoja anapostahili.

Sheria nazo ziko upande wa anayetunza. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kufuta au kuharibu data kinyume cha sheria kuwa ni kosa la jinai. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inaruhusu kumbukumbu za kompyuta kupokelewa mahakamani, lakini mahakama hutazama jinsi zilivyotunzwa. Mashine iliyochezewa na watu watano kabla ya kufika kwa mchunguzi ina thamani ndogo mbele ya hakimu.

Kompyuta inapoondoka chamani

Mara nyingi chama kikinunua kompyuta mpya, ya zamani huuzwa kwa mnada, hupewa shule, au huchukuliwa na fundi kwa ajili ya vipuri. Katika kila hali hizo, namba za benki, namba za vitambulisho na picha za wanachama huondoka pamoja nayo. Mwanachama mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta aweza kukuta mkopo umechukuliwa kwa jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya habari za watu azilinde, na chama cha ushirika ni mkusanyaji wa habari nyingi sana.

Kwa diski ya kawaida inayozunguka, dawa ni kuandika juu yake. Ipo dhana ya zamani kwamba ni lazima kuandika mara 35. Dhana hiyo ilitokana na makala ya mtaalamu Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu diski za aina mbalimbali za wakati ule. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, uliotolewa mwaka 2006, ulieleza kwamba kwa diski nyingi za kisasa kuandika juu mara moja kwatosha. Kufomati kikamilifu, kulikotajwa hapo juu, hufanya kazi hiyo. Kama mashine inabaki ofisini lakini faili zilizofutwa zinatakiwa zitoweke, Windows ina amri iitwayo cipher ambayo huandika juu ya nafasi iliyo wazi katika diski C, ikiandikwa hivi: cipher /w:C:\

Kwa SSD na flashi, kuandika juu hakutoshi. Diski hizo huhamisha data zenyewe kutoka chumba hadi chumba ili zisichakae upande mmoja, na zina vyumba vya akiba ambavyo mtumiaji havioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba njia za kufuta faili moja moja kwa kuandika juu hazikufaa katika diski za namna hiyo. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kutumia amri ya kusafisha iliyotengenezwa na mwenye kiwanda cha diski yenyewe. Ya pili, iliyo bora, ni ya kujikinga: tangu siku mashine inaponunuliwa, data zote zigeuzwe kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo wa siri. Baadhi ya matoleo ya Windows hutoa huduma hiyo kwa jina la BitLocker. Ufunguo ukiharibiwa, kilichobaki ndani ni mafumbo matupu. Lakini ufunguo huo uandikwe na kufungiwa katika sanduku la fedha, maana ukipotea wakati wa kazi, chama nacho kitafungiwa nje.

Kwa CD-R na DVD-R hakuna dawa ila kuziharibu. Sidii ina tabaka la data chini kabisa ya lebo. Kuikwaruza vizuri upande wa lebo huiharibu. Dividii ina tabaka hilo katikati ya plastiki mbili, na kukwaruza juu hakufiki. Zote zikatwe vipande vingi vidogo, mbele ya mashahidi. Zisichomwe moto, kwa kuwa moshi wa plastiki hiyo una madhara. Anayetoboa au kuvunja diski ya kompyuta mpakato aifunike kwa kitambaa kizito kwanza, maana baadhi yake zina vioo ndani.

Mambo ya kutekelezwa

1. Kila chama kiwe na daftari la karatasi la vifaa vya kumbukumbu: kila kompyuta, flashi na diski ipewe namba, na iandikwe ina nini na iko kwa nani.

2. Hesabu zinakiliwe kila wiki mbili wakati wa msimu. Nakala moja iwe katika diski isiyofutika, nyingine itunzwe nje ya jengo la ofisi. Diski za kurekodia huharibiwa na jua na joto. Ziwekwe gizani, na kila mwaka zifunguliwe kuona kama zinasomeka.

3. Kila mtumishi aingie katika kompyuta kwa jina lake na neno lake la siri. Neno la siri likiwa la watu wote, hakuna wa kuulizwa.

4. Faili ya hesabu isifutwe na mtu mmoja. Muda wa kuitunza ukiisha kwa mujibu wa sheria, Bodi ipitishe azimio, na kufutwa kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

5. Kompyuta isiuzwe wala kupelekwa kwa fundi ikiwa na data za wanachama. Ikishindikana kusafishwa, diski itolewe na kubaki chamani.

6. Kwa mgeni yeyote anayeomba orodha, hata kama ni wa ofisi nyingine, itolewe ile sehemu anayoihitaji tu, kwa maandishi na kwa sahihi.

Ndugu Wanachama, mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Daftari la vifaa ni gharama ya daftari moja. Mkasi wa kukatia sidii unapatikana katika kila kaya. Kinachohitajika ni mkutano mkuu kuuliza maswali ambayo haujazoea kuyauliza: nakala ya hesabu za msimu uliopita iko wapi, ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na kompyuta ile ya zamani ilikwenda kwa nani? Katibu mwaminifu atafurahi kuyajibu, kwa sababu majibu hayo yatamlinda yeye kabla ya kumlinda mtu mwingine.